Katumwa Kuhudumu, Mbona Anatembea?

Mimi ni mmoja wa watu waliofungwa kifungo cha maisha ndani ya kundi la WhatsApp la usharika. Usharika wenyewe uko milimani kule Lushoto, ndiko nilikopata kipaimara. Mjini nimeishi miaka mingi sasa, lakini tangazo la kupalilia shamba la kanisa linanifikia kila Ijumaa, kana kwamba jembe ninalo mlangoni.

Wiki iliyopita ikaingia picha kundini. Kijana wetu mmoja yuko Ujerumani, mji wa Wuppertal, ametumwa akahudumu kwa mwaka mmoja. Katika picha yumo ndani ya treni ambayo haipiti chini kama treni za watu wengine. Inaning'inia. Reli iko juu, magurudumu yako juu ya paa, behewa linabembea hewani, na chini ya behewa ni mto. Kijana kavaa koti zito, kaegemea kioo, meno yote nje. Vijana wenzake wakamimina makofi. Kisha mzee wa kanisa mmoja, mtu ninayemheshimu sana, akaandika: "Hongera mwanangu. Koti tulilokuchangia naliona. Kazi ya Bwana sijaiona."

Kundi lote kimya. Hata mchungaji alionekana yuko mtandaoni, asitie neno.

Leo naomba nimjibu mzee wangu hewani, kwa adabu zote, kwa sababu mji ule naujua. Nikiwa binti nilitumwa hukohuko, nikafanya kazi katika nyumba ya wazee, nikapanda treni ileile. Na kwa yale niliyoyaona nasema hivi: kijana anayetumwa ugenini kwa jina la kanisa, akafanya kazi tu asitembee, amefanya nusu ya alilotumwa. Pengine hata nusu haijafika.

Tumtazame kwanza mmisionari kijana ambaye jina lake limo katika vitabu vya shule zetu, Johannes Rebmann. Mjerumani wa Gerlingen, karibu na Stuttgart, lakini lililomtuma ni shirika la Waingereza, Church Missionary Society. Alifika pwani mwaka 1846, akaungana na mmisionari Johann Ludwig Krapf, wakaweka kituo Rabai, nyuma ya Mombasa. Alikuwa na miaka 28 alipofunga safari ya kwenda kuiona nchi ya Wachaga. Msafara aliuongoza Bwana Kheri, mtu wa pwani aliyezijua njia za bara. Rebmann yeye, wanasema, silaha yake ilikuwa mwavuli. Asubuhi ya tarehe 11 Mei 1848 akaona weupe juu ya mlima. Akauliza ni nini. Akajibiwa: baridi. Akaelewa kwamba anatazama theluji, karibu kabisa na ikweta.

Akaandika. Habari ikachapishwa Uingereza mwaka 1849, na bwana mmoja msomi wa London, William Desborough Cooley, ambaye Afrika aliijua kwa kusoma tu na hakuwahi kuikanyaga, akaipinga kwa nguvu zote. Ilibidi miaka ya 1860 ifike, msafiri mwingine, Baron von der Decken, aupande mlima kiasi, ndipo wasomi wakanywea. Rebmann mwenyewe alikaa kwetu kama miaka 29, macho yakamwisha, akarudi kwao kipofu, na watu aliowabatiza ni wachache mno. Sasa jiulize, mzee wangu: kama asubuhi ile angebaki Rabai anafagia kanisa, wewe na mimi tungelijua jina lake?

Sisemi matembezi yale yalikuwa ya heri tupu. Rebmann na mmisionari mwenzake Erhardt walichora ramani ya bara kwa habari walizokusanya kwa wasafiri, ikaonyesha ziwa moja kubwa ajabu katikati ya nchi. Ramani ikafika London, na mwaka 1857 wasafiri Waingereza Burton na Speke wakashuka pwani kwenda kulitafuta ziwa hilo. Baada yao wakaja wengine ambao hawakuja kutafuta maziwa. Nataka ulishike hilo. Anayetembea, akatazama, akaandika, hana jambo dogo mkononi. Kwa miaka mia moja na zaidi watembeaji walikuwa wao, na waliotazamwa tulikuwa sisi.

Huko kwetu, milima ya Usambara, walifika mwaka 1891 wamisionari wawili vijana wa Kijerumani, Ernst Johanssen na Paul Wohlrab, wakaweka kituo Mlalo. Shirika lililowatuma, lile la Bethel, liliungana mwaka 1971 na shirika jingine kongwe la Wuppertal, ambalo lilikuwa limepeleka watu Namibia, Sumatra, Borneo, mpaka New Guinea. Halafu mwaka 1996 makanisa ya Afrika, Asia na Ujerumani yakakaa pamoja na kulifanya kuwa umoja wao wenyewe, kila kanisa na sauti yake. Ndio UEM, yaani United Evangelical Mission, tunaousikia katika matangazo ya dayosisi. Makao makuu yako Wuppertal. Ndiyo maana kijana wetu hakupelekwa Paris wala Roma. Alipelekwa kwenye mlango wa umoja wenyewe.

Sasa hiyo treni. Wenyewe wanaiita Schwebebahn. Ilifunguliwa rasmi tarehe 1 Machi 1901, na miezi michache kabla, Oktoba 1900, Kaizari Wilhelm wa Pili aliijaribu yeye na mkewe. Ni Kaizari yuleyule ambaye Wajerumani waliipa Lushoto yetu jina lake, wakaiita Wilhelmstal. Wakati yeye anaelea juu ya mto kwenye kiti cha mto laini, reli ya kutoka Tanga ilikuwa bado haijafika Korogwe. Behewa la Kaizari limehifadhiwa, bado linatembea siku za sherehe. Njia yote ni kilomita 13 na kidogo, vituo 20, nusu saa unamaliza mji. Sehemu kubwa inapita juu ya mto Wupper, kimo cha mita kama 12. Bonde ni jembamba, nyumba zimebanana pande zote mbili, barabara hazikuwa na pa kuongezeka. Wahandisi wakaona nafasi pekee iliyobaki ni juu ya maji. Ukikata kona behewa linainama upande, tumbo linakuambia umekosea maisha, na mama wa Kijerumani aliye mbele yako anaendelea kusoma gazeti.

Nilipanda mara ya kwanza na mwenzangu, kijana wa Goma, ambaye naye alitumwa na kanisa la kwao la Kibaptisti. Kiswahili chake na changu vilikuwa vinasuguana kidogo, lakini kule ugenini tulikuwa ndugu wa tumbo moja. Akachungulia dirishani, akautazama mto Wupper uliowafanya watu wajenge maajabu yote yale, akaniuliza: "Dada, sasa huu ni muto ao mufereji?" Mtu aliyekulia kando ya Ziwa Kivu, msamehe.

Wiki hiyohiyo nyumba ya wazee nilikuwa sijapata mtu wa kuzungumza naye. Kazi yenyewe, mzee wangu, ni hii. Zamu ya asubuhi inaanza nje kungali giza. Unagonga mlango, unasalimu, unavuta pazia. Unamvalisha bibi soksi za kubana, zile za kuzuia miguu kuvimba, na soksi hizo zina ugomvi: lazima uzigeuze ndani nje mpaka kisiginoni, uingize vidole, kisha uzipandishe taratibu bila mkunjo, kwa maana mkunjo mmoja utamkata ngozi mpaka jioni. Unakata mkate vipande vidogo, unaondoa ganda. Unasukuma kigari cha kutembelea mpaka mkononi mwake. Dawa huruhusiwi kugusa, hizo ni za wauguzi. Hakuna aliyeniomba nihubiri. Mahubiri yangu yalikuwa soksi.

Na mezani wazee hawakuwa na neno na mimi. Si kwa ubaya. Kijerumani changu kilikuwa cha darasani, nao wamechoka; utamwambia nini binti aliyetoka mahali usipopajua? Mzee mmoja kwa siku nyingi alinijibu kwa kichwa tu. Basi siku niliyotoka kupanda treni, saa ya kahawa ya alasiri, nikauliza mezani, kwa Kijerumani cha kuungaunga: eti ni kweli tembo alianguka kutoka treni?

Yule mzee akaweka kijiko chini.

Ni kweli. Tarehe 21 Julai 1950 kampuni ya sarakasi ilimpandisha treni tembo mdogo, jina lake Tuffi, kwa ajili ya kujitangaza. Waandishi wa habari wakajaa, behewa likayumba, tembo akapata hofu, akauvunja ubavu wa behewa akatumbukia mtoni. Akatoka na mikwaruzo tu. Akaishi karibu miaka 40 zaidi. Picha ya kuanguka kwake hakuna aliyeipiga. Ile inayouzwa kwenye kadi za posta imeungwaungwa. Lakini kwa mashahidi hakuna upungufu. Kila mzee wa bonde lile alikuwepo darajani siku ile, na ukiwakusanya wote, mto Wupper ungefurika. Alasiri ile walibishana mpaka kahawa ikapoa: alianguka kabla ya kituo au baada yake, alipiga kelele au hakupiga. Kuanzia hapo nikawa na jina. Kabla ya hapo nilikuwa yule msichana.

Mzee wangu wa kanisa, unaona nilipotaka kukufikisha? Kama siku ya mapumziko ningejifungia chumbani na Biblia yangu, tendo jema kabisa, soksi ningevalisha mwaka mzima na watu nisingewajua.

Kisha likatokea jambo ambalo sikulitegemea. Wale wazee wakaanza kunituma. Wao miguu ilikuwa imegoma, na Wuppertal ni mji wa vilima, una ngazi za umma kwa mamia, watu wanapanda kwenda madukani kama sisi tunavyopanda kutoka mtoni. Kwa mtu wa Usambara zile ngazi si kitu. Bibi mmoja akaniambia: nenda mtaa fulani, kaangalie kama mti wa nyumba yetu upo. Mwingine: panda zile ngazi za upande wa mji wa Elberfeld zinazoitwa Tippen-Tappen-Tönchen, uje uniambie kama bado zina jua jioni. Jina la ngazi hizo ukilitamka unasikia viatu vya mbao vinashuka. Nilikuwa natoka siku yangu ya mapumziko na orodha kwenye karatasi, mwavuli mkononi, maana wenyeji wanasema kwao mtoto huzaliwa na mwavuli, na mvua ilinithibitishia. Jumatatu asubuhi natoa ripoti huku navalisha soksi. Mti haupo. Jua lipo.

Ndivyo nilivyofika kwenye kanisa la Gemarke. Bibi aliyenituma alikuwa mtoto mdogo usiku wa kuamkia tarehe 30 Mei 1943, ndege za Uingereza zilipoichoma Barmen, ambayo siku hizi ni sehemu ya Wuppertal. Walikufa watu zaidi ya 3,000 usiku mmoja. Alitaka nimwambie kanisa linaonekanaje sasa. Nikaenda. Ni katikati ya maduka, ungepita usilione. Lakini humo, Mei 1934, walikutana wajumbe wa makanisa ya Kiprotestanti waliokataa Hitler asilifanye kanisa mali ya chama chake, wakatoa Tamko la Barmen. Sehemu kubwa aliiandika Karl Barth. Wachungaji wetu wanalisoma vyuoni, wengine wanalifanyia mtihani, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni pa kanisa lenyewe na mfuko wa mikate. Kuna jambo jingine huwezi kulipata kwenye mtihani. Ubavuni pa kanisa hilo lipo sinagogi, limewekwa wakfu mwaka 2002, na ardhi lililojengwa juu yake imetoka kwa kanisa. Gari la polisi limeegeshwa mbele yake. Nilipomweleza bibi habari za gari lile akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama duka la vitambaa la ng'ambo bado lipo.

Mwendo mfupi kutoka hapo ni mahali alipozaliwa Friedrich Engels. Ndiyo, yule yule wa akina Marx. Wazee wetu waliopitia Chuo cha Kivukoni enzi za Ujamaa wanamfahamu. Alizaliwa Barmen, Novemba 1820, baba yake tajiri wa viwanda vya nyuzi na mtu wa dini kwelikweli. Akiwa na miaka 18 tu aliandika gazetini, bila kutaja jina lake, barua za kuwaumbua matajiri wa bonde lake mwenyewe: wanasali sana, wanalipa kidogo, watoto wanakulia viwandani, na mto unapita mwekundu kwa rangi za kutilia vitambaa. Bonde lilelile, matajiri wa aina ileile ndio walioichangia misheni. Sasa nikuongezee la kutafuna. Rebmann alizaliwa Januari 1820, mwaka mmoja na Engels. Engels naye alikuwa mtembeaji: alitumwa Manchester kwenye biashara ya baba, badala ya kukaa ofisini akazunguka vichochoro vya maskini, akaandika kitabu. Februari 1848 inatoka Ilani ya Kikomunisti aliyoiandika na Marx, Mei 1848 Rebmann anaona theluji ya Kilimanjaro. Vijana wawili wa Kijerumani, wa umri mmoja, kila mmoja katumwa shughuli fulani na kila mmoja akatoka nje kutazama. Mwaka 2014 Wachina walimletea Engels sanamu ya shaba ya karibu mita nne. Wenyeji wengine wanaipita wamenuna, na watoto wanaipanda.

Hiyo misheni iliyochangiwa nilikutana nayo tena chumbani kwa bibi mmoja, dirishani. Alikuwa na vyungu vya maua madogo ya zambarau, majani yenye manyoya laini. Kwenye kibandiko cha chungu limeandikwa jina la kwetu: Usambara. Nikadhani naota. Kumbe ni ua la milima yetu. Mwaka 1892 Mjerumani mmoja aliyekuwa mkuu wa serikali kule Tanga, Baron von Saint Paul, alipeleka mbegu zake kwa baba yake Ujerumani, na leo hakuna dirisha la bibi wa Kijerumani lisilokuwa nalo. Sisi kwetu lipo kwenye miamba ya msituni, hatuna hata habari nalo. Nikamwambia bibi, mimi natoka hapo. Hapo wapi? Hapo kwenye chungu.

Akacheka mpaka akakohoa. Kisha akanisimulia kwamba alipokuwa mdogo, shule ya Jumapili, kulikuwa na kisanduku cha sadaka ya misheni. Juu yake kimekaa kisanamu cha mtoto mweusi aliyepiga magoti, mikono pamoja. Ukitumbukiza sarafu, kichwa kinaitika: asante, asante. Watoto walikuwa wanagombania kutumbukiza ili waone kikiitika. Wengine walitumbukiza vifungo vya shati, nacho kikaitika vilevile.

Nilikuwa namlisha supu ya viazi wakati anasimulia. Akaniangalia, nadhani ndipo alipofahamu anamsimulia nani. Akashika kifundo cha mkono wangu, kijiko kikasimama hewani. Akaniuliza, kwa uso wa mtu aliyelala miaka sabini na deni: "Sista, zile senti zilifika?"

Msikilizaji, ningeweza kumjibu mengi. Ningeweza kumwambia habari za kile kisanamu, na za kuitika kichwa, na kwamba kuna watu kwetu mpaka leo shingo haijapona. Mengine nilimwambia baadaye, siku nyingine, alipokuwa na nguvu za kusikia, na aliyasikiliza yote. Lakini swali lilikuwa la pesa na lilikuwa la haki. Bibi mzaa mama alijua kusoma na kuandika, wakati wasichana wa rika lake hawakujua, kwa sababu ya shule ya misheni. Nikamwambia: zilifika. Vifungo havikufika. Akaomba supu.

Kwenye kilima cha Hardt nilikuta jumba dogo la makumbusho ya misheni, na hapo sitakaa sana. Tulikwenda kundi la vijana tuliotumwa kutoka nchi mbalimbali. Kila mmoja alitafuta kabati la kwao. Mwenzetu wa Namibia alilipata, akasimama. Unajua yaliyotokea kule kati ya 1904 na 1908: majeshi ya Wajerumani yaliua Waherero na Wanama kwa maelfu na maelfu, na waliosalia porini, wamisionari waliwaita watoke, wakawakusanya kambini, na kutoka kambi zile wakapelekwa kazi za shuruti. Alisoma kila kibandiko, neno kwa neno, mpaka mhudumu akaja kutukumbusha kwamba saa ya kufunga imepita. Kutembea ni pamoja na hayo. Anayedhani kijana kaenda kupiga picha za treni peke yake, basi hajauliza maswali ya kutosha.

Mengine nayapita mbio. Kanisa kuu la Köln ni nusu saa kwa treni ya kawaida, walianza kulijenga mwaka 1248 wakamaliza 1880. Penda usipende utapelekwa. Utakaribishwa kahawa ya kienyeji ya eneo lile, Bergisch, na utaletewa birika la miguu mitatu lenye koki, na keki bapa za vishimo, na juu ya keki watakupakulia wali wa maziwa. Wali, juu ya keki, na sukari, na cheri. Kula. Tabasamu. Takataka zina mapipa manne, usiulize.

Lakini liko moja wazee wa kanisa wanapaswa kulisikia kwa mtu aliyeliona. Jumapili yangu ya kwanza kanisani nilidhani nimekosea saa. Kanisa la watu mia kadhaa, tulikaa kama ishirini, na kinanda kikubwa kinanguruma juu yetu. Kule mtu akitaka kujitoa kanisani, katika jimbo lile, anakwenda mahakamani. Mahakamani kabisa, kwa karani, na kitambulisho chake, analipa euro 30, anasaini, basi. Sababu kubwa ni kodi: muumini anakatwa kodi ya kanisa, asilimia 8 au 9 ya kodi yake ya mapato kutegemea jimbo, inakwenda kanisani moja kwa moja. Sisi tunaonadi kuku na mikungu ya ndizi nje ya kanisa baada ya ibada tunaweza kucheka. Tungoje kwanza. Mwishoni mwa 2024 Waprotestanti wa makanisa yao makubwa walikuwa wamebaki kama milioni 18, na kila mwaka wanapungua kwa mamia ya maelfu. Na humohumo, katika hao ishirini, niliona mama mmoja aliyekuwa akija kila siku ya kazi kufungua kanisa saa nne, anakaa nyuma na kufuma soksi, ili kama kuna mtu mmoja tu mjini anahitaji pa kukaa, akute mlango uko wazi. Sijawahi kuona usharika wa kwetu ukimpangia mtu zamu ya namna hiyo. Kwetu siku za kazi kanisa lina kufuli, na ufunguo uko kwa mtu aliyekwenda shambani.

Haya, mzee wangu, ndiyo kazi ya Bwana ambayo haikuonekana kwenye picha. Inawezekana kweli huyu kijana anatalii tu. Vijana wa namna hiyo wapo, na Ujerumani ina njia nyingi za kumlevya mtu. Lakini tutajuaje? Rebmann, Johanssen na wenzao waliandika. Barua zao zilichapishwa kwenye magazeti ya misheni, zikasomwa, na kwa nguvu ya barua za namna ile watoto wa Barmen wakatumbukiza senti, na vifungo. Kijana wetu akirudi tutamfanyia nini? Najua, maana nilifanyiwa. Atapewa dakika mbili kati ya matangazo na mnada. Atasema anawasalimu kwa jina la Bwana, amewaona watu wa kule, wanatusalimu pia, Mungu ni mwema. Tutaitika kila wakati. Ataketi. Kuku ataanza kunadiwa kwa elfu tano.

Ninachopendekeza ni kidogo. Kwanza, tumwagize sasa hivi, angali huko, awe anaandika. Asitutumie picha tupu. Kila picha na kisa chake, hata mistari kumi, kwa Kiswahili, kwenye kundi hilohilo la kupalilia shamba. Pili, akirudi, usharika umtengee alasiri nzima ya Jumapili, wazee mbele, maswali yaruhusiwe, na yule mzee wangu awe wa kwanza kuuliza. Aulizwe habari za hao wanaokwenda mahakamani kujitoa: ni watu wa aina gani, wana hasira au wamechoka tu? Aulizwe kama amefika Gemarke. Aulizwe wazee anaowahudumia wanazungumza nini saa ya kahawa, na kama yupo aliyemtuma mahali.

Maswali yaanze kutumwa leo, si lazima tumngoje. Langu nimeshaliandika kundini kabla sijaingia studio: katika usharika uliko, ni nani anayeshika ufunguo wa kanisa siku za kazi, na tangu ufike umeona nani akiingia?